Rangi nyekundu ya silki ukutani: uzoefu wangu hapa Mwanza

Nimeitumia rangi ya maji nyekundu, aina ya silki (yenye mng'ao kiasi), iliyochanganywa kwa mashine dukani, kwenye ukuta mmoja wa sebule huku Nyegezi. Rangi ni nzuri na naipa alama za juu. Ila nyekundu ina masharti yake, na wengi wanaoilaumu hawakuyafuata.

Sharti kubwa ni la chini yake. Nyekundu iliyokolea haifuniki, kwa sababu weupe ndio unaofunika, na weupe ukizidi rangi inageuka pinki. Ukiipaka moja kwa moja juu ya nyeupe au krimu, mkono wa kwanza, yaani ukipaka mara ya kwanza, unatoka kama juisi ya rozela iliyomwagika, wa pili una mabaka, na hata wa nne michirizi ya rola bado inaonekana ukiwasha taa. Tanguliza andakoti, yaani rangi ya chini, ya kijivu cha kati; mwambie muuzaji aikoleze kwa mashine hiyohiyo. Juu ya kijivu mikono miwili inafunika, wa tatu unasawazisha tu.

Ukuta wa mita 4 kwa 2.7 ni karibu mita za mraba 11. Lita moja hupaka mita za mraba 10 hadi 12 kwa mkono mmoja, ukuta ukiwa umepigwa skimingi (tabaka laini la kusawazisha) vizuri, hivyo galoni ya lita 4 inatosha mikono mitatu na inabaki ya kurekebishia. Kama unahitaji makopo mawili, yanunue siku moja, yamimine yote kwenye ndoo moja ukoroge, maana makopo hupishana rangi.

Plasta mpya isubiri walau wiki 4. Ukali wa simenti mbichi huichoma nyekundu, ikapauka kwa mabaka. Na kwa nyumba zetu za mlimani, zile ambazo ukuta wa nyuma umeegemea mwamba, kuna tatizo la maji ya mvua kupenya na kutoa chumvi nyeupe kama unga. Kwenye krimu chumvi hiyo huioni. Kwenye nyekundu inaonekana tangu mlangoni. Kabla ya kununua chochote, bandika kipande cha nailoni ukutani, tepu pande zote nne, ukiache siku nzima na usiku. Ukikuta jasho upande wa ukutani, nyekundu iende ukuta mwingine.

Msasa namba 120, kisha 220, futa vumbi. Kata kona kwa brashi ya inchi 2, fuatisha rola kabla ukingo haujakauka, wala usirudie pale palipoanza kushika. Anza asubuhi. Jioni, taa ikiwaka na dirisha likiwa wazi, vijidudu vya ziwani vinanasa kwenye rangi mbichi, na kila unachokibandua kinaacha kovu.

Kasoro ya silki ni kuonyesha kila bonde la skimingi mwanga ukipita pembeni. Hata hivyo naichagua kuliko isiyong'aa, kwa sababu isiyong'aa, mgongo wa kiti ukiisugua, inabaki na alama nyeupe, wakati silki unaifuta kwa kitambaa na maji ya sabuni. Usiku iwekee taa ya mwanga wa njano. Chini ya mwanga mweupe mkali nyekundu inapoa na kuelekea urujuani.