Kwa migebuka na mawese, nunua bia ipi?

Wengi wetu hapa Kigoma tukinunua bia ya kunywea na chakula tunauliza mambo mawili tu: kama chapa yetu ipo, na kama ni ya baridi. Mimi naanza na sahani. Mlo wa huku ni samaki wa Ziwa Tanganyika kama migebuka, ugali wa muhogo na mawese, na ni mafuta yanayoamua chupa ipi itafaa.

Namba moja kwangu ni laga, ile bia ya kawaida ya rangi ya dhahabu, isiyo nzito. Mara nyingi nachukua Kilimanjaro, yenye kilevi cha asilimia 4.5. Mgebuka anapotoka kwenye karai pale mwaloni Kibirizi, ngozi imekauka hadi inavunjika kwa kidole, ukamkamulia ndimu, laga hiyo haina mpinzani. Gesi yake inaosha mafuta ulimini, na ule uchungu wa hopsi, maua yanayotiwa kwenye bia, unakurudisha kwenye tonge lingine. Dagaa wa kukaanga nao ni hivyo hivyo.

Namba mbili ni laga yenye mwili zaidi, yaani nzito zaidi mdomoni, kama Safari ya asilimia 5.5. Hii ni ya dagaa wa mawese na kisamvu, vyakula vyenye uzito ambavyo laga nyepesi humezwa navyo. Ila hapa ndipo tunapojiharibia wenyewe. Mawese hayayeyuki yote mpaka joto lifike nyuzi 35 hivi, ndiyo maana asubuhi ya baridi unayakuta yameganda kwenye dumu. Sasa ukishushia bia iliyotoka kwenye friza, yanaganda mdomoni. Kaakaa linapata utando, chakula kinapoteza ladha na bia yenyewe inakuwa kama maji. Itoe kwenye friji dakika kumi kabla ya kula. Wazee wanaoagiza "ya moto" hawakosei sana mbele ya sahani hii. Na futa midomo kabla ya kunywa, maana mafuta huua povu: utaona duara la rangi ya chungwa kwenye ukingo wa glasi, na povu limekwisha.

Namba tatu, bia nyeusi. Weusi wake unatokana na nafaka iliyokaangwa hadi karibu kuungua, kwa hiyo inapatana na kila kilichopita juu ya mkaa: mishkaki, mbuzi choma, mgebuka wa kubanikwa. Castle Milk Stout ina utamu kidogo, Guinness ni chungu zaidi. Kwa nyama yenye mafuta ningechukua Guinness. Usiipeleke kabisa kwa kuhe wa kuchemsha. Kuhe ni samaki wa heshima, na mchuzi wake mwepesi utafunikwa wote.

Huyo kuhe ndiye anayeipa bia ya lite nafasi ya nne. Castle Lite ina asilimia 4 na haina mengi ya kusema, lakini kwa mchuzi wa nyanya na ndimu inatosha. Pia inafaa ukiwa umeweka pilipili mbuzi nyingi, kwa sababu kilevi kikali na uchungu huzidisha ule muwasho.

Kama unachukua kreti zima kwa shughuli, angalia limekaa wapi. Niliwahi kununua lililokuwa limeachwa juani mbele ya duka, na kila chupa niliyofungua ilikuwa na harufu mbaya, kali. Mwanga wa jua hubadilisha hopsi ndani ya bia. Chupa ya kahawia huikinga kwa kiasi, ya kijani haiikingi vya kutosha. Mwombe muuzaji akutolee la ndani, lililo kivulini, na usome tarehe ya mwisho kabla hujalipa.