Uzoefu wangu wa kupakua data za ramani za maeneo ya kale ya England

Kwa muda sasa nimekuwa nikitumia data za ramani zinazotolewa bure na Historic England, taasisi ya umma inayotunza orodha ya urithi wa kihistoria wa England. Zimenirahisishia kazi sana, ingawa kuna jambo moja ambalo laiti ningelijua mapema, nisingepoteza siku mbili nzima.

Orodha hiyo ina zaidi ya vipengele 400,000, na sehemu kubwa ni majengo. Nilichohitaji mimi ni maeneo ya akiolojia yanayolindwa na sheria ya mwaka 1979, ambayo ni takriban 20,000. Sikudaiwa malipo yoyote: nilichagua tabaka (seti ya data za aina moja kwenye ramani) na aina ya faili, nikapakua, nikafungua kwenye QGIS, programu ya bure ya ramani. Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba maeneo haya yamechorwa kwa mipaka yake, si kwa nukta tupu, na kila moja lina namba yake; Stonehenge, lile duara maarufu la mawe ya kale, kwa mfano, ni 1010140, na kwa namba hiyo unasoma maelezo yake kamili. Kwa anayetaka kujua kama mtaro utakaochimbwa utaingia ndani ya eneo linalolindwa, nukta peke yake haimsaidii kitu.

Siku mbili nilizopoteza zilitokana na viwianishi, yaani namba zinazoonyesha mahali kwenye ramani. Data hizi hufuata gridi ya taifa ya Uingereza, inayohesabu mita kuelekea mashariki na kaskazini, wala si latitudo na longitudo za GPS. Nilizipitisha kwenye kigeuzi kimoja cha mtandaoni, na mpaka wa Stonehenge ukasogea kando kwa mita 100 hivi, ilhali duara la mawe lenyewe lina kipenyo cha takriban mita 30 tu. Data hazikuwa na kosa. Kigeuzi kiliruka hatua ya kuhama kutoka kielelezo cha umbo la dunia kinachotumiwa na gridi hiyo, ambacho ni cha zamani, kwenda kile cha GPS. Nilipofungua faili la awali moja kwa moja katika QGIS na kuhakikisha mfumo wa viwianishi umewekwa EPSG:27700, ambayo ni namba ya gridi hiyo, mpaka ulikaa mahali pake.

Mtumiaji mpya asidhani pia kwamba pasipo na mpaka hapana kitu ardhini. Tabaka hili huonyesha yale tu yaliyopewa ulinzi wa kitaifa. Kumbukumbu za maeneo mengine hutunzwa na mamlaka za mitaa, na nyingi hupatikana kupitia Heritage Gateway, tovuti ya kutafutia kumbukumbu hizo. Nasisitiza hili kwa uchungu, kwa sababu eneo lisilo na ulinzi ndilo rahisi kuharibiwa bila mtu kujua.

Leseni inaruhusu kutumia data hizi hata kibiashara, mradi utaje chanzo. Nami huandika pembeni mwa kila ramani tarehe niliyopakua, kwa kuwa orodha hufanyiwa marekebisho mara kwa mara na mpaka wa mwaka jana huenda si wa leo.