Miezi mitano na kisomaji cha wino wa kielektroniki: uzoefu wangu

Kisomaji hiki, yaani kifaa cha kusomea vitabu vya kidijitali, nilikinunua Luthuli Avenue, Nairobi, mtumba, kwa Sh8,500. Nilikuwa nimechoka kusoma riwaya kwenye simu. Kwa simu kitabu hakina kurasa: unayasukuma maneno juu kwa kidole, yanapanda, yanapotea, na sentensi iliyokugusa jana hujui utaipata wapi. Watu wa Misri, Ugiriki na Roma ya kale walisoma hivyohivyo, kwenye gombo, ukanda mrefu wa mafunjo, huku unakunjua, huku unakunja. Kufikia karne ya 4 baada ya Kristo, kitabu cha kurasa zilizoshonwa pamoja kilikuwa kimelishinda gombo, maana hicho unakifungua popote utakapo. Simu imeturudisha kwenye gombo. Kifaa hiki kimenirudishia ukurasa.

Ndani ya skrini mna vidonge vidogo mno vyenye chembe nyeusi na nyeupe. Umeme huzipandisha au kuzishusha, na zikishatulia hazili chaji tena mpaka ufungue ukurasa mwingine. Ndiyo maana mimi huchaji mara moja kwa wiki tatu. Na lile jua la saa saba pale bustani ya Jeevanjee, linalogeuza simu kuwa kioo cha kujitazamia, hapa hukoleza maandishi.

Siku moja kwenye matatu ya Githurai, mzee niliyeketi naye alipitisha kidole juu ya skrini, polepole. "Kijana, hii ni karatasi?" Ukurasa ukageuka, akaurudisha mkono haraka. "Hujaharibu kitu, mzee," nikamwambia, nikamwonyesha pa kugusa ili turudi nyuma. Tulisoma pamoja mpaka Roysambu.

Kinachoniuma ni vitabu vya zamani vilivyopigwa picha. Herufi zinakuwa ndogo kama sisimizi, na ukikuza, ukurasa unapepesa weusi kila unaposogeza. Nilifungua picha za mswada wa utenzi ulioandikwa kwa hati za Kiarabu, jinsi Waswahili walivyoandika karne nyingi, na wino mwekundu wa mwandishi ukawa kijivu tu. Hiyo nilirudi kuitazama kwenye kompyuta.

Ukienda kununua cha mtumba, usilipe kabla hujageuza kurasa ishirini mbele ya muuzaji. Kivuli cha ukurasa uliopita kikibaki chini ya maandishi mapya hata baada ya kukizima na kukiwasha, mrudishie.