Shokapu za Boxer BM 150: ngazi za nyuma, mafuta ya mbele, na zile za kununua dukani

Pikipiki ya Boxer BM 150 haikutengenezwa kwa ajili ya kulala kwenye kona. Imetengenezwa kubeba, na shokapu zake zinaonyesha hivyo: mbele miguu miwili ya kawaida yenye springi na mafuta, nyuma jozi ya shokapu za haidroliki zenye springi mbili, moja ndani ya nyingine. Kwa injini ya cc 144.8 na kazi ya boda, ni mpangilio unaojitosheleza. Lawama zinazoiandama, kwamba inayumba ikikolea mwendo, inadunda kwenye rasta na inakwenda upande ikipakia abiria, mara nyingi si kosa la kiwanda. Kuna kitu kimoja ambacho waendeshaji hawakigusi kabisa, na kingine ambacho mafundi wanakigusa vibaya. Kisichoguswa ni ringi yenye ngazi iliyoshika springi ya nyuma. Kinachoguswa vibaya ni mafuta ya mbele.

Tuanze na ringi. Wengi wanaamini ukiipandisha ngazi unafanya springi iwe ngumu zaidi. Sivyo. Ugumu wa springi unabaki uleule. Unachobadilisha ni pale inapoanzia kukaa. Ngazi ikipanda, sehemu ya nyuma inakaa juu zaidi kwa mzigo uleule, na chini panabaki nafasi kubwa kidogo kabla shokapu haijafika mwisho na kugonga. Hiyo nafasi ndiyo unayoinunua, na unainunua bure.

Na inabadilisha sana uendeshaji. Nyuma ikizama mno, uzito unahama kutoka mbele: usukani unazubaa, taa inamulika matawi ya miti badala ya barabara, na ukiingia kona pikipiki inataka kutoka nje. Ikinyanyuliwa mno, usukani unageuka upesi lakini unakuwa na wasiwasi, na dereva mwepesi akiwa peke yake gurudumu la nyuma linarukaruka juu ya kokoto badala ya kuzifuata.

Kupima kunahitaji futi kamba na watu wawili wa kusaidia. Weka pikipiki kwenye stendi kubwa, gurudumu la nyuma likining'inia. Pima kutoka katikati ya ekseli kwenda juu wima hadi alama uliyoweka kwenye bodi kwa kipande cha utepe. Ishushe, kaa kama unavyokaa barabarani, miguu yote kwenye vikanyagio, msaidizi mmoja akishika usukani. Wa pili apime tena palepale. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ni kiasi inachozama. Gurudumu la nyuma la pikipiki za aina hii husafiri karibu sentimita 10, kwa hiyo milimita 25 hadi 35 dereva akiwa peke yake ni sawa. Ikizidi 40, panda ngazi. Ikiwa chini ya 20, shuka. Anayebeba abiria kutwa nzima apime akiwa na abiria, si peke yake. Hapo milimita 40 hivi zinavumilika.

Kugeuza ringi kuna adabu yake. Pikipiki ibaki kwenye stendi kubwa ili springi isibebe uzito. Osha tope kwenye ngazi kwa maji na brashi, weka matone ya mafuta, kisha tumia spana ya ndoano. Kugonga kwa bisibisi na nyundo, jambo la kawaida kwenye vijiwe, kunakata meno ya ringi, na ringi iliyokatika huteleza yenyewe ukipiga shimo. Pande zote mbili lazima ziwe ngazi moja. Ukiacha kulia ya pili na kushoto ya nne, mkono unaoshika gurudumu la nyuma unapindishwa kila inapozama, bushi zake zinaliwa upande mmoja, na hakuna fundi wa rimu atakayekuponya ule mwendo wa kombo. Ukimaliza, angalia cheni, kwa sababu kimo kipya hubadilisha ulegevu wake. Iache icheze milimita 25 hadi 35 katikati, ukipima pale inapokaza zaidi. Kisha rekebisha taa.

Mshikaki hauna ngazi yake. Hata ukiweka ringi mwisho kabisa, watu watatu watamaliza safari yote ya shokapu kwenye tuta la kwanza.

Mbele ndiko kwenye uharibifu mkubwa. Miguu ya mbele haina kitasa cha kurekebishia, lakini ina vitu viwili vinavyorekebishika: uzito wa mafuta na kiasi chake. Mafuta hupita kwenye vitundu vidogo na kuzuia springi isidunde. Yakiwa mepesi mno au yamechakaa, mbele inazama ghafla ukishika breki na kurudi juu kwa kishindo. Yakiwa mazito mno, shokapu haiwahi kurudi kati ya wimbi moja na jingine kwenye barabara ya vumbi, inabaki imebonyea, na mikono inakufa ganzi. Ndiyo maana kumimina mafuta ya injini 20W50 ni kosa hata kama mbele "inashika" siku ya kwanza: ni mazito na hayakutengenezwa kwa kupigwa namna ile, yanatoa povu, na povu halizuii chochote. Tumia mafuta ya shokapu ya 10W. Yakikosekana, yale mekundu ya gia za otomatiki, ATF, yana uzito unaokaribiana na hayo na yanafanya kazi vizuri.

Kosa la pili ni kuongeza mafuta kupita kipimo ili mbele iwe ngumu. Juu ya mafuta kuna hewa, na hewa hiyo ni springi ya pili. Ukipunguza nafasi yake, inabanwa kwa nguvu kubwa shokapu inapokaribia mwisho. Ngumu inakuwa kweli, lakini shinikizo linaitafuta sili, ule mpira unaozuia mafuta yasitoke, na kabla mwezi haujaisha mafuta yanachuruzika hadi kwenye breki ya mbele. Pikipiki ndogo huchukua kati ya mililita 100 na 200 kila mguu, na kitabu cha modeli yako kina namba kamili. Ifuate. Pima kwa bomba la sindano la mililita 50 au 60 la duka la dawa, si kwa kifuniko cha chupa, kwa sababu tofauti ya mililita 10 kati ya miguu miwili inasikika kwenye usukani.

Kubadilisha kwenyewe ni kazi ya asubuhi moja. Weka gogo imara chini ya injini hadi gurudumu la mbele liachie ardhi. Legeza bolti ya juu, mguu mmoja baada ya mwingine, ukiikandamiza kwa kiganja, kwa maana springi iko chini yake inasubiri kuruka. Mwaga mafuta kwa skrubu ya chini kama ipo; kama haipo, toa mguu mzima na kuugeuza. Pampu hadi tope jeusi liishe, suuza kwa mafuta mapya kidogo, mwaga tena, ndipo umimine kipimo. Pampu mara 10 polepole kutoa hewa kabla ya kufunga. Kwa barabara za vumbi, kila kilomita 10,000 hivi si mapema.

Ikiwa mbele bado inazama mno baada ya mafuta mapya, springi zimechoka. Kipande cha bomba gumu chenye washa juu na chini, urefu wa milimita 10, kikikaa juu ya kila springi kinarudisha kimo. Usivuke 15: springi itakutana mizunguko yake kwa yake kabla ya mguu kufika mwisho, na kitakachopinda si springi.

Sili zinazovuja kila baada ya wiki chache zina sababu. Pitisha ukucha kwenye bomba linalong'aa. Ukikwama, kuna jeraha la kokoto. Lilainishe kwa msasa wa maji namba 1000 ukizungusha, usipande na kushuka, kisha ndipo uweke sili mpya. Fundi anayebadilisha sili bila kugusa bomba anakuandikia miadi ya kurudi.

Kabla ya kulaumu shokapu yoyote, nyanyua mbele na ugeuze usukani polepole. Ukisita katikati kana kwamba umeingia kwenye kijishimo, vikombe vya gololi za usukani vimechimbika, na hakuna mafuta yatakayoondoa kule kuyumba. Shika gurudumu la nyuma ulisukume kushoto na kulia. Likicheza, ni bushi au beringi. Na upepo: karibu psi 25 mbele, 28 nyuma ukiwa peke yako, 32 na abiria. Tairi lililojazwa hadi 45 "lisiishe haraka" linafanya shokapu nzuri ionekane mbovu.

Shokapu za nyuma zimefungwa kiwandani, hazifunguliwi. Bonyeza kiti kwa nguvu na uachie: inapaswa kupanda mara moja na kutulia. Ikidunda mara mbili tatu, au ukiona mafuta kwenye fimbo, nunua jozi, kamwe si moja.

Dukani utakutana na za asili, za kuiga zenye umbo lilelile, na zile zenye kamtungi pembeni. Za asili ndizo zinazostahili bei yake kwa boda. Katika zile za bei nafuu zenye kamtungi, mara nyingi kamtungi ni pambo tupu. Halina mafuta wala gesi, na halijaunganishwa na kitu. Shokapu ndefu kuliko ya asili ziepuke: cheni inasugua mkono wa nyuma, stendi kubwa haifikii tena kunyanyua gurudumu, na usukani unapata ule wasiwasi uliotajwa juu. Kabla ya kulipa, pima kati ya tundu na tundu kwa futi na ulinganishe na ulizovua. Zisimamishe mbili kaunta, zilalie kwa uzito wako moja baada ya nyingine na uachie taratibu: zirudi kwa kasi moja, bila mlio wa kukoroma. Zikitofautiana hapo dukani, mrudishie muuzaji, hata kama zote zimetoka kwenye boksi moja.