Polio: kupima maji taka au kusubiri mtoto apooze?

Njia ya zamani ya kugundua polio huanza na mtoto aliyelegea ghafla mguu au mkono. Anachukuliwa sampuli mbili za kinyesi, zikipishana saa 24 au zaidi, ndani ya siku 14 tangu alegee. Hapo unamjua mgonjwa na kwao. Lakini kati ya maambukizi 200 hivi, ni mmoja tu anayepooza moja kwa moja, kwa hiyo virusi huwa vimeshazunguka mtaa mzima, na mguu wa mtoto huyo haurudi.

Maji taka hayasubiri. Mwaka 2022 virusi vilionekana kwenye sampuli za mtambo wa Beckton, London, bila mtu yeyote kupooza, na watoto wa mwaka 1 hadi 9 wakapewa chanjo ya ziada. Mwaka huohuo huko Rockland, New York, taarifa ya kwanza ilikuwa mtu mzima asiyechanjwa, amekwisha kupooza.

Ila chupa ya maji taka haikwambii ni nyumba ipi. Na penye vyoo vya shimo hakuna bomba la kuchotea. Hapo wapimaji huchota sampuli kwenye mifereji na vijito. Mijini ningewekeza kwenye maji taka. Vijijini, kwa mhudumu wa afya anayepita nyumba kwa nyumba.