Kiti cha kubembea cha mninga: uzoefu wangu na fundi wa Majengo

Baba alifanya kazi bandarini Kilindini miaka mingi, na sasa magoti yanamsumbua. Alipotaka kiti cha kubembea cha kukalia barazani jioni, nilizunguka madukani nikarudi mikono mitupu. Vyote nilivyovijaribu vilikuwa vyepesi, vimepigiliwa misumari, na kwa hewa yetu ya chumvi msumari haukawii kushika kutu. Nikaamua kutengenezesha.

Nilielekezwa kwa fundi mmoja Majengo. Mimi nilitaka mvule, mti niliouzoea kwenye milango ya kwetu. Yeye akanishauri mninga, ule unaoletwa kutoka Tanzania na ambao ukikatwa hutoa utomvu mwekundu kama damu. "Mvule mzuri, dada, lakini mninga ukishakauka umetulia. Haupindi, haupasuki ovyo." Tukapatana shilingi 45,000, nusu nitangulize, kazi wiki tatu.

Wiki tatu zikawa nane. Mbao za kwanza zilikuja mbichi, akazirudisha kwa muuzaji, na kupata kavu kukamchukua mwezi mzima. Kuzikataa alifanya vyema. Lililoniudhi ni kwamba hakunipigia simu hata mara moja. Habari hiyo niliipata nilipokwenda mwenyewe karakanani kuuliza kiti.

Kazi yenyewe lakini, hapo namvulia kofia. Yale matao mawili ya chini, yanayobeba bembea, hakuyakata kwenye ubao mmoja mpana. Alipasua vipande vyembamba, akavipaka gundi, akavipinda pamoja juu ya kalibu na kuvibana kwa jiliwa usiku kucha. Alinieleza kwamba tao likikatwa kwenye ubao mmoja, nyuzi za mti hukatika pale penye mpindo, na ndipo panapovunjika mtu mzito akikaa. Nilipitisha kidole ubavuni mwa tao nikazihesabu tabaka saba, wala ukucha haukupata pa kunasa.

Kabla ya kutia gundi miguuni alitaka Baba aje akikalie. Nilimwona anatusumbua, kumtoa mzee Likoni na kumvusha feri kwa jambo hilo. Kumbe Baba alipoketi, kiti kilimlaza nyuma mpaka nyayo zikaacha sakafu, na kuinuka akashindwa. Fundi akapiga magoti, akapima, akaichomoa miguu ya mbele na kuipunguza sentimita mbili. Baba akakaa tena, akasukuma kwa vidole vya miguu tu, kikaenda na kurudi polepole. "Hapo, mwanangu," akasema.

Vanishi nilikataa, maana jua la baraza huibambua. Tulipaka mafuta ya kitani mikono mitatu. Ukifanya hivyo kwako, matambara yaliyolowa mafuta hayo yatandaze nje yakauke. Yakirundikwa hupata joto na kuwaka yenyewe.

Mkono wa kushoto ulikuja na sehemu haijapigwa msasa vizuri, nikaimalizia nyumbani. Kiti ni kizito, kwa hiyo mvua ya masika ikipiga twakiingiza ndani watu wawili. Ningempa fundi huyu kazi tena, ila safari hii simu ningepiga mimi kila Ijumaa, na anayekaa kitini ningekwenda naye tangu siku ya kwanza ya vipimo.