Squoosh: inabana vizuri, lakini picha moja moja

Squoosh ni programu ya bure ya kubana picha, iliyotolewa na watu wa Chrome wa Google mwaka 2018. Hufunguka kwenye kivinjari, na kazi yote hufanywa na kompyuta yako. Picha haipandishwi kwenye seva yoyote. Ukishaifungua mara moja, bando likikata inaendelea.

Utamu wake ni ule mstari wa katikati. Kushoto picha ya asili, kulia iliyobanwa. Unauburuta huku ukitazama uzito wa faili. Kagua kwa 100%. Ukikuza hadi 400% utahangaika na kasoro ambazo mgeni wa tovuti hatazigundua kamwe.

Wengi hukimbilia kushusha ubora. Anza na "Resize", yaani kupunguza vipimo vya picha. Picha ya simu yenye pikseli 4000 kwa 3000 ikifunguliwa hula megabaiti 48 hivi za kumbukumbu, maana kila pikseli huchukua baiti 4, hata faili liwe limebanwa hadi kilobaiti 200. Ndipo ukurasa unapokwamakwama kwenye simu ya bei nafuu ingawa umeshapakuliwa wote. Kwa upana wa pikseli 1200, picha hiyo hiyo haifiki megabaiti 5.

Kisha chagua aina ya faili. MozJPEG, inayotoa faili la JPEG, kwa ubora 75 yatosha picha nyingi za kamera. WebP kwa kawaida huwa nyepesi zaidi, ila hutupa sehemu kubwa ya taarifa za rangi, hivyo maandishi mekundu juu ya weusi hufifia kingo. Nembo na picha za skrini zipeleke OxiPNG, inayotoa PNG, na "Reduce palette" (kupunguza idadi ya rangi) kwenye rangi 256 au pungufu. AVIF ndiyo hubana kuliko zote hizo, lakini ukipandisha "Effort" (juhudi ya kubana) kompyuta hafifu itakuweka sana. Nayo Safari, kivinjari cha Apple, ya kabla ya toleo la 16 haiisomi, kwa hiyo acha na JPEG ya akiba.

Jihadhari: taarifa za EXIF, zile kamera inazozificha ndani ya faili, hufutwa zote. Mahali ulipopigia hapajulikani tena, vizuri, lakini na jina la mpiga picha limekwenda.

Duka lenye bidhaa 300 halitabanwa hapa, picha ni moja moja. Jaribu tatu au nne, ukipata namba zinazokuridhisha zihamishie cwebp, programu ya kutengeneza WebP kwa amri za maandishi: `-q 75 -resize 1200 0 -sharp_yuv`. Hiyo sifuri hulinda uwiano wa urefu, na neno la mwisho hupunguza ule mfifio wa wekundu.